Ufundi wa Kuandika Madondoo

Miongoni mwa kazi za mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu, ni chache zinazokula saa nyingi na kutajwa kwa nadra kama kuandika madondoo, yaani maandishi mafupi ambayo msomaji huyachota kitabuni, darasani au uwandani na kuyahifadhi kwa matumizi ya baadaye. Tasnifu ikishatiwa jalada na kuwekwa maktabani, madondoo yaliyoizaa hayaonekani tena, na pengine ndiyo maana uamuzi wa kuyaandika kwa kalamu au kwa kompyuta huachiwa kila mwanafunzi aufanye peke yake, tena katika wiki za mwanzo, wakati bado hajajua ataandika nini. Uamuzi huo unastahili heshima zaidi, kwa sababu dondoo ndipo mahali ambapo usomaji huanza kugeuka kuwa uandishi.

Mfano bora wa ufundi huu katika karne ya 20 ni wa Niklas Luhmann (1927–1998), mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Bielefeld, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 aliandika vipande vya karatasi vipatavyo 90,000, vingi vikiwa na ukubwa wa robo ya karatasi ya A4, na kuvipanga katika masanduku ya mbao. Alipendelea karatasi ya kawaida kuliko kadi ngumu, ili masanduku yasijae upesi, na aliandika upande mmoja tu, ili kila kipande kisomeke bila kuchomolewa mahali pake. Kila kipande kilipewa namba isiyobadilika: fikra iliyofuata ile ya kipande cha 21/1 ilipata namba 21/2, lakini fikra iliyozuka baadaye kutokana na jambo moja lililomo ndani ya 21/1 ilipata 21/1a na kuwekwa papo hapo nyuma yake, hata kama miaka kumi ilikuwa imepita baina ya hizo mbili. Mpango huo uliruhusu hoja kukua kutoka ndani, mahali popote, bila mwenyewe kulazimika kuamua mapema sura za kitabu ambacho hajakiwazia.

Linalostahili kusifiwa zaidi, hata hivyo, si sanduku bali mwenendo wa aliyelijaza. Wakati wa kusoma, Luhmann aliandika kwa ufupi tu kurasa na jambo alilolikuta humo. Baadaye ndipo alipoyageuza hayo kuwa vipande kamili, akichunguza kila fikra mpya inahusiana vipi na zile zilizokwisha kuwemo, na kuandika namba za vipande vya jirani ili kimoja kimwelekeze kwenye kingine. Wanaoiga sanduku lake kwa kutumia programu za kompyuta mara nyingi huiga namba na viungo, wakaiacha kazi hiyo ya pili, ambayo ndiyo iliyozaa makumi ya vitabu na mamia ya makala.

Mwaka 2014 wanasaikolojia Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi waliotumia kompyuta katika kusikiliza mihadhara waliandika maneno mengi zaidi, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya mhadhiri neno kwa neno, ilhali walioandika kwa mkono walijibu vizuri zaidi maswali ya kueleza dhana. Tafiti zilizorudiwa baadaye zilithibitisha tofauti ya kunakili, lakini hazikuthibitisha kwa uhakika ile faida katika mtihani. Kwa hiyo si haki kudai kwamba kalamu peke yake humpa mtu akili. Inachofanya kalamu ni kumchelewesha mwandishi, na kwa kuwa mkono hauwezi kwenda kasi ya msemaji, mwandishi hana budi kuchagua.

Kuchagua huko kuna uzito wa pekee kwa mwanafunzi wa isimu au fasihi ya Kiswahili, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye huandika tasnifu yake kwa Kiswahili huku sehemu kubwa ya nadharia anazozisoma ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza. Akinakili aya nzima na kuibandika kwenye faili, ameahirisha kazi ya kuielewa hadi siku ya kuandika sura, siku ambayo huwa na mzigo wake tayari. Akiandika dondoo kwa mkono, kwa Kiswahili, hugundua papo hapo kama ameelewa au la. Ukurasa wake mzuri huwa na namba ya ukurasa wa kitabu pambizoni, alama za kunukuu kwa kila neno lisilo lake, na shaka zake mwenyewe ndani ya mabano ya mraba, ili miaka miwili baadaye asije akayachukua maneno ya mwingine akidhani ni yake na kutumbukia katika wizi wa kitaaluma bila kukusudia.

Kompyuta nayo ina kazi yake halali, na mwanafunzi anayeikataa hujitesa bure. Programu kama Zotero, iliyoanzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani na kutolewa bila malipo, hupanga marejeleo kwa utaratibu ambao mkono hauwezi kuufuata bila makosa. Tena daftari ni nakala moja tu: mvua ya uwandani, mchwa wa kabatini au begi lililosahaulika kwenye daladala huweza kuliangamiza, jambo linalozuilika kwa kupiga picha kurasa kwa simu kila jioni. Hata masanduku ya Luhmann, yaliyonunuliwa na Chuo Kikuu cha Bielefeld mwaka 2011, yamepigwa picha hatua kwa hatua, na vipande vingi sasa husomeka kwenye intaneti.

Kwa hiyo mgawanyo unaofaa ni kuiachia karatasi kazi ya kufikiri na kuiachia kompyuta kazi ya kutunza na kutafuta, mradi pawepo daraja baina ya mbili hizo. Daraja lenyewe ni jepesi: madaftari yapewe namba, kurasa zake zipewe namba, kisha ndani ya programu, chini ya jina la kila kitabu kilichosomwa, iandikwe namba ya daftari na ya ukurasa lilipo dondoo lake.