Nyuzi Nane za Peter Buck

Mjomba wangu alikuwa mpigaji udi, na kabla ya kupiga alikuwa akikaa karibu robo saa akikaza na kulegeza nyuzi. Nilipokuwa mtoto nilidhani anachelewesha raha. Nyuzi za udi aghalabu huenda mbili mbili, kila jozi sauti moja, na kazi yake yote pale mkekani ilikuwa kuzipatanisha pacha hizo ziseme neno moja. Hazipatani kabisa. Hata sikio likisharidhika, kati ya uzi na mwenziwe hubaki tofauti ndogo mno, na tofauti hiyo ndiyo huifanya sauti itetemeke hewani kama joto juu ya paa la bati saa saba mchana.

Kwa hiyo siku niliyousikia redioni wimbo wa "Losing My Religion" wa bendi ya R.E.M. ya Marekani, sikio langu halikuanza na mwimbaji. Lilikwenda moja kwa moja kwenye kile kiala kidogo kinachofungua wimbo. Jina lake sikulijua. Nilichojua ni kwamba mle ndani mna pacha.

Ni mandolini. Ina nyuzi nane za chuma zilizofungwa jozi nne, na sauti zake hupangwa kama za fidla. Tumbo lake ni dogo, nyuzi zake fupi, kwa hiyo kila noti huzaliwa ikiwa kali na kufa upesi. Wapigaji wengi huificha kasoro hiyo kwa kuutikisa mkono mfululizo, uzi ulie bila kukatika. Katika wimbo huu hakuna maficho. Noti hupigwa, hulia, hufa, na nyingine huja. Ni mandolini inayopigwa na mtu aliyetoka kwenye gitaa, na anayeijua tofauti ataisikia. Kwenye gitaa, kutoka uzi hadi uzi unaofuata aghalabu ni hatua ya noti nne. Kwenye mandolini ni tano. Mpiga gitaa akiishika, vidole vyake hukimbilia mahali vilipozoea na kukuta wenyeji wamehama.

Mtu huyo alikuwa Peter Buck. Kufikia mwaka 1990 alikuwa ameshapiga gitaa miaka kumi na wenzake watatu kutoka mji wa Athens, jimbo la Georgia, na namna yake ya kuidondoa noti moja moja, badala ya kuzivuruga zote pamoja, ilikuwa ndiyo alama ya bendi. Lakini gitaa lilikuwa limeanza kumchosha. Akanunua mandolini, akawa anajifunza nyumbani, televisheni ikiwaka mbele yake na kinasa sauti kikizunguka pembeni. Kesho yake akaisikiliza kaseti. Mwenyewe ameeleza kilichokuwemo: kipande kirefu cha mtu anayejifunza mandolini, halafu wimbo huu, halafu tena kipande kirefu cha mtu anayejifunza mandolini.

Kaseti hiyo mimi huiwaza mara nyingi. Kila mwanafunzi wa ala hupita juu ya vitu vizuri bila kujua, kama mtu anayevuka shamba usiku akikanyaga mihogo ya watu. Vidole vigeni huangukia noti ambazo vidole vizoefu visingezigusa, kwa sababu vizoefu vina njia zao. Kufikia hapo ni bahati, nayo haina mwenyewe. Lakini kukaa kesho yake, ukaipitia kaseti nzima ya kubabaika kwako mwenyewe, ukasimamisha mkanda pale hasa panapostahili kusimamishwa, hiyo ni kazi ya sikio lililofundishwa miaka mingi. Mkono wa Buck ulikuwa wa mwanafunzi. Sikio lake lilikuwa la fundi.

Septemba 1990 waliingia studio ya Bearsville, karibu na Woodstock katika jimbo la New York, pamoja na prodyuza wao Scott Litt. Bill Berry alikuwa kwenye ngoma, Mike Mills kwenye gitaa la besi, Buck na mandolini yake, wote wakipiga kwa pamoja. Papo hapo tatizo likajitokeza. Besi na ngoma zilikaa chini, mandolini ilikaa juu, na katikati palikuwa patupu, kama nyumba yenye msingi na paa bila kuta. Bendi nyingine ingejaza pengo hilo kwa gitaa la umeme lenye kishindo, kwani ndicho wasikilizaji wa roki walichotarajia. Wao walimwita rafiki yao Peter Holsapple, akapiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa upole kiasi kwamba msikilizaji wa kawaida hajui kama lipo. Likitolewa, ndipo atajua.

Mills naye alihangaika. Kila mstari wa besi aliojaribu haukukaa, mpaka alipojiuliza John McVie, mpiga besi wa Fleetwood Mac, angefanya nini mahali pale. Amelisema hilo bila haya, nami namheshimu kwa hilo. Sikiliza besi hiyo siku moja peke yake: haikimbizani na mandolini, haijionyeshi, inatembea chini kama mtu mzima anayemfuata mtoto sokoni, hamshiki mkono lakini hambanduki. Baadaye fidla na wenzake ziliongezwa huko Atlanta, zikapigwa na wanamuziki wa okestra kubwa ya mji huo kwa mpangilio wa Mark Bingham. Nazo zikajua adabu ya wageni: ziliingia baada ya wenyeji kukaa.

Juu ya yote hayo ikaja sauti ya Michael Stipe, iliyorekodiwa mara moja tu, bila kurudiwa. Huenda ndiyo sababu inasikika kama mtu anayesema jambo ambalo tayari anajuta kulisema.

Na kibwagizo hakuna. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sisi tuliolelewa na mashairi tunaijua thamani ya kibwagizo: ndipo hadhira inapopata haki yake ya kuingia. Wimbo wa redioni, tena wa Kimarekani, huishi kwa kibwagizo. Kampuni yao ya kurekodi ilikuwa na wasiwasi kuutanguliza wimbo wa namna hii sokoni, na wasiwasi huo naweza kuuelewa. Lakini usikilize tena uone nani anayerudi kila ubeti unapokwisha. Ni mandolini. Ule mzunguko mfupi wa noti, uliookotwa kwenye kaseti, ndio uliopewa kiti cha kibwagizo. Maneno yanayorudi hayatufariji. Inayofariji ni ala tu. Hadhira huimba noti zisizo na maneno, na nimewahi kuwaona watu wasiojua Kiingereza hata kidogo wakiuimba wimbo huu kwa "ta-ra-ra" mwanzo hadi mwisho bila kupotea.

Kwa kuwa jina lake, neno kwa neno, ni "kupoteza dini yangu", wengi wamedhani kwamba ni wimbo wa mtu aliyeacha dini, na wako waliouchukia kwa sababu hiyo. Kumbe jina hilo ni msemo wa watu wa Kusini mwa Marekani: ni kufikishwa mahali ambapo subira imekwisha, na ule ustaarabu uliofunzwa na wazazi wako unakuponyoka. Stipe ameeleza kwamba wimbo unahusu mtu anayempenda mwenzake bila kujua kama mwenzake anajua. Anadokeza, anaogopa kuwa amedokeza kupita kiasi, anajirudi, kisha anaogopa kuwa amejirudi mno. Mpenzi wa taarab hahitaji kufafanuliwa zaidi. Amekaa kumbini mara ngapi akimtazama mtu anayeinuka kwenda kutunza, noti mkononi, huku kila mmoja akijiuliza ubeti ule anamtumia nani?

Ndiyo maana pengo lile la katikati, walilolijaza kwa nusu tu, linafaa sana. Wimbo wa mtu anayezuia maneno umejengwa na watu waliozuia mikono. Kila mmoja angeweza kupiga zaidi.

Single hiyo ilitoka Februari 1991, mwezi mmoja kabla ya albamu yao ya Out of Time, ikapanda hadi nafasi ya 4 katika chati ya Billboard ya Marekani, mahali ambapo R.E.M. hawakuwa wamewahi kufika wala hawakufika tena. Mwaka uliofuata ikapata tuzo mbili za Grammy, moja ikiwa ya video iliyoongozwa na Tarsem Singh, yenye mwanga na vivuli vilivyotokana na picha za mchoraji Caravaggio. Video ni nzuri. Mimi huusikiliza wimbo nikiwa nimefumba macho.

Berry aliondoka kwenye bendi mwaka 1997 na wenzake wakaivunja 2011. Juni 2024, wote wanne walipanda jukwaani mjini New York, siku walipotiwa katika orodha ya heshima ya watunzi wa nyimbo, wakapiga wimbo mmoja tu, huu. Nywele zilikuwa nyeupe na sauti ya Stipe ilikuwa imeshuka na kukwaruza kidogo. Nilitazama mkono wa Buck. Miaka thelathini na zaidi imepita tangu ile kaseti, na mkono ule si mgeni tena kwenye mandolini. Ungeweza kuongeza madoido, ungeweza kuutikisa uzi ulie mfululizo kama mabingwa wanavyofanya. Akazipiga noti zilezile, moja moja, akiacha kila moja ife.

Mjomba angemuuliza kwanza amechukua muda gani kupatanisha nyuzi.