Kichwa Magotini

Jumapili alasiri ukipita Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, utawakuta kina mama wamekaa vibarazani na watoto wao wa kike wamekaa chini yao kwenye mkeka, kichwa kimebanwa magotini. Pembeni pana chanuo na kichupa cha mafuta ya nazi. Nywele zinafumuliwa, zinachanwa, zinagawanywa njia, na twende kilioni inaanza kulala utosini. Mpita njia huona kazi ya nywele tu. Mimi humo humo naona ufundi mwingine, nao ndio ninaotaka kuusifu: ufundi wa mama kuwa mtu ambaye mtoto wake mdogo humwambia mambo.

Mtazame mtoto anayesukwa. Hawezi kuondoka, lakini pia hahojiwi. Uso wake umeelekea barabarani, anatazama baiskeli, paka, muuza kashata. Mtoto hayaoni macho ya mama, na mama mwenyewe mikono yake imeshughulika, kwa hiyo hana haraka ya jibu. Ukimsimamisha mtoto huyo huyo mbele yako akirudi shule ukamuuliza kulikuwaje, atakujibu "kuzuri" na kukimbilia chakula. Akiwa magotini huanzia mbali. Atamtaja mwenzake aliyenunuliwa mkoba mpya, atahamia kwa mwalimu wa zamu, atanyamaza kitambo, halafu atauliza: "Mama, hivi mtu akikukataza kusema kitu, ukisema ni dhambi?"

Hapo ndipo vidole vya mama hupimwa. Vikisita, mtoto atajua kwa ngozi ya kichwa kabla hajasikia neno. Vikikaza, atasema "basi, hamna kitu," na kile alichokuwa amekileta hadi mdomoni kitarudi kilikotoka, pengine kwa miaka. Mama fundi huendelea kusuka. Husema "ehee," akashika njia inayofuata, akangoja. Nimewaona kina mama wanaojua kungoja hivyo, na nawaheshimu kuliko ninavyowaheshimu wasemaji hodari.

Husemwa kwamba mtoto wa kiume hana mazungumzo na mama yake, kwa kuwa hasukwi. Wanaosema hivyo hawajampakia kwenye keria. Mji wetu wa Tanga ni tambarare na watu wake wamezoea baiskeli tangu zamani, wake kwa waume. Mama anapompeleka mwanawe chuoni jioni, mtoto humshika kiuno, akaegemeza shavu mgongoni, na maneno yote huingia kwenye kanga. Mwendo ni wa polepole na hakuna anayemwona mwenzake uso. Kati ya Makorora na Chumbageni nimeambiwa mambo makubwa na mtu ambaye miguu yake haijafika kwenye pedali. Sitayaandika hapa, maana nilimwahidi.

Na wale wa pwani yenyewe, wa Mwambani au Kigombe, wana bamvua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hutoka mbali. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na mwamba uliokuwa bahari asubuhi huwa uwanja. Wanawake hushuka na watoto wao kutafuta kome na pweza. Hutembea wakiwa wameinama, macho chini kwenye mashimo na vidimbwi, mama huku na mtoto pale, na mazungumzo hupitia katikati bila kuwa na mwenyewe. Mtoto aliyemwonyesha mama yake shimo la pweza ambalo mama hakuliona, siku hiyo ana cheo. Akiwa na cheo chake husema. Nadhani watu wazima husahau jinsi ilivyo vigumu kumwamini mtu ambaye kila siku ndiye anayejua na wewe ndiye usiyejua.

Kwa sababu hiyo napenda vitendawili kuliko hadithi, ingawa hadithi nazo nazipenda. Katika hadithi mama ndiye mwenye kamba. Katika kitendawili mtoto anaweza kumshinda. "Kitendawili!" "Tega!" Anatega, mama anakwama, na mtoto anadai mji. Mpe mji wa maana. Mpe Pangani na mto wake, mpe Muheza na machungwa yake yote, akikataa mpe Lushoto na baridi yake. Umeme ukikatika ndiyo afadhali zaidi, maana gizani hata mwenye haya hutega. Mtoto aliyekwisha kumiliki nusu ya mkoa kutoka kwa mama yake halali na woga wa kuonekana mjinga mbele yake. Sharti moja tu: mama asijifanye kushindwa. Mtoto hugundua upesi, na mji wa kupewa kwa huruma haumfurahishi. Ashindwe kweli, mwenye kusikiliza vitendawili vya watoto wa leo atashindwa mara nyingi.

Wazee wetu watauliza: mama akiwa rafiki, adabu itakaa wapi? Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu pwani yetu imejengwa kwa adabu na sitaki ibomoke mikononi mwangu. Lakini naangalia walichokifanya wenyewe. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao mpaka leo ndio kipimo cha adabu ya mwanamke wa Kiswahili. Mtu anaweza kubishana na mengi aliyoyashauri humo. Lakini mwanzo wake ni mama anayemwita mwana asogee akae karibu naye, na wino na karatasi. Ukaribu umetangulia, mawaidha yakafuata. Na hapa kwetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alipofiwa na mkewe Amina akaachiwa watoto wa kulea, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Kila mtoto na maneno yake. Baba mwenye kazi ya serikali na msiba moyoni aliona kwamba watoto wawili hawawezi kusemeshwa kwa sauti moja.

Mwanangu hunipa shikamoo kila asubuhi nami humwitikia marahaba. Hilo halijapungua hata chembe kwa sababu jana usiku aliniambia anachokiogopa. Nionavyo mimi limepata uzito.

Kinachoua urafiki huu si ukali. Watoto husamehe ukali wenye sababu. Kinachouua ni baraza. Mama ameambiwa na mtoto kwamba amekojoa kitandani, au kwamba kuna msichana darasani anayemwonea haya, na saa kumi jioni jambo hilo liko kwa majirani, linachekewa, mtoto akiwa hapo hapo anachezea mchanga. Hatalia. Atanyamaza, na mama atadhani hakusikia. Kwangu mimi siri ya mtoto wa miaka 5 ni amana kama fedha uliyowekeshwa: haikopeshwi eti kwa kuwa ni kidogo.

Zamani mama hakubeba haya peke yake. Palikuwa na bibi wa utani, aliyemwita mjukuu wa kiume mume wake na kwa mzaha huo akayajua yote. Palikuwa na somo, ambaye msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwake, akafundishwa faraghani mambo ambayo mama kwa haya asingeyatamka. Mpango huo ulikuwa na busara kubwa: kila mtoto alikuwa na mtu wa pili. Sasa wengi wetu tunaishi vyumba vya kupanga, bibi yuko Mkinga au Pangani, na somo huitwa wiki ya harusi tu. Namsihi mama asijaribu kuwa wote hao. Amchague mapema shangazi au mama mdogo mwenye kifua, amwambie mtoto waziwazi: lisiloambilika kwangu, mwambie huyu.

Maana lipo linalotafuta njia ya kutoka. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanywa 2009 na kutangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati yao, wasichana waliomwambia mtu yeyote walikuwa kama nusu. Wavulana, kama theluthi. Waliobaki walikuwa na mama pia, wengi wao.

Ndiyo maana kuna jambo moja ambalo husema kabla halijahitajika, nikiwa na chanuo mkononi au mguu kwenye pedali. Namwambia mwanangu kwamba siri zake nazitunza zote isipokuwa ya namna moja: ile ya mtu aliyemuumiza, au aliyemgusa pasipostahili, au aliyemwambia asiniambie. Hiyo nitaipeleka kwa watu wanaoweza kumsaidia, na nitamwambia kabla sijaipeleka, na tutakwenda pamoja. Huuliza maswali. Je, kama ni mwalimu? Kama ni mjomba? Kama alinipa pipi nikala? Namjibu moja moja, hata lile la pipi, na hasa hilo, kwa sababu ndilo analodhani linamfanya mkosaji. Wiki nyingine huyauliza tena yale yale kwa mpangilio mwingine, nami namjibu tena.