Chapa ya Randa

Mafundi seremala wa Ngamiani wana desturi ya kuziita mashine zao kwa rangi. Ukipita asubuhi mbele ya karakana zao utasikia, "Niletee ile ya buluu," ama, "Ya njano imekufa tangu juzi." Zamani niliiona desturi hiyo kuwa ni uvivu wa ulimi, nikawa nawasahihisha, kwani mwalimu hata akistaafu kazi hastaafu kusahihisha. Siku hizi nimeacha. Nimetambua kwamba rangi ndiyo inayouzwa kwanza, jina hufuata, na mashine yenyewe huja nyuma kabisa. Nami siku nilipokwenda kununua randa ya umeme kwa ajili ya banda langu la useremala nyuma ya nyumba, nilijikuta nimekodolea macho rangi kama mtoto aliyeingizwa duka la peremende.

Nilikwenda na kijana wa jirani yangu, ambaye hulitumia banda hilo kila siku baada ya Alasiri kwa kazi zake za oda. Yeye hutengeneza milango na vitanda na anakula kwa mikono yake. Mimi hutengeneza vigoda na rafu za vitabu, na pensheni yangu haingoji vigoda. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotuletea ubishi.

"Shikamoo, Mwalimu," muuza duka aliniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Tuonyeshe randa."

Akaweka tatu juu ya meza. Ya kwanza Makita aina ya 1900B, ya pili Bosch aina ya GHO 6500, na ya tatu ni ya chapa ambayo sitaitaja kwa kuwa nina maneno nayo. Nikauliza ipi nzuri. Akanijibu kama wajibuvyo wauza duka wote kutoka hapa mpaka Muscat: "Zote nzuri, Mwalimu. Inategemea mfuko wako."

Jibu hilo si kweli wala si uongo. Ni la mwanafunzi aliyejibu kabla ya kusoma swali. Nzuri kwa nani? Kwa ubao gani? Na siku itakapokufa, nani ataifufua?

Kabla ya kulinganisha lolote, nilivaa miwani nikasoma mabamba. Kila mashine ya heshima ina bamba lake dogo, na pale pameandikwa mambo ambayo rangi haiyasemi: volti ngapi, mzunguko wa umeme, wati, namba ya aina yake, na nchi ilikotengenezwa. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake mashine imezibwa mara mbili na haihitaji waya wa ardhi. Na ukiona jina maarufu lililopungukiwa au kuzidishiwa herufi moja, rudisha mashine mezani. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia, lakini haiwezi kusimama nawe kwenye kila duka.

Somo hili nililipata kwa hasara. Mpwa wangu aliyeko Marekani aliwahi kuniletea msumeno wa umeme, zawadi ya mapenzi, uliokuja ndani ya sanduku lililopakiwa vizuri mno. Tulibadilisha plagi, tukauchomeka ukutani. Ulilia kwa sauti kali kama king'ora, ukatoa moshi, ukanyamaza. Maisha yake ya kazi hapa Tanga hayakufika sekunde kumi. Msumeno haukuwa mbovu. Ulikuwa umeandikwa volti 120, nasi hatukusoma. Mashine zilizotumika zitokazo Japani zina balaa hilohilo, kwani kule umeme wa majumbani ni volti 100. Ndugu walioko Oman hawana tatizo hili: umeme wao unakaribiana na wetu, na hata plagi ya meno matatu ya mraba ni ileile.

Sasa nije kwenye randa zenyewe.

Makita ilianza mwaka 1915 mjini Nagoya, nayo kazi yake ilikuwa kuuza na kutengeneza mota zilizoharibika. Mwaka 1958 ndipo ilipotoa randa ya umeme, na kwa Japani ilikuwa ya kwanza. Huenda ni mapendeleo yangu tu, lakini naona ile asili ya ufundi wa kutengeneza bado imo ndani ya 1900B. Ina wati 580 tu. Inakwangua upana wa milimita 82, na kina chake hakizidi milimita 1. Vifuniko vya kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye amecha, viko nje. Unavifungua kwa bisibisi bila kuivunja mashine nzima. Tena ile tuliyoonyeshwa ilikuwa na visu vya chuma vinavyonoleka, na kishikio chake cha kunolea.

Bosch ni mkubwa wake kwa umri. Robert Bosch alifungua karakana Stuttgart mwaka 1886, na jina lake limetufikia kwa barabara, kwa kuwa madereva na mafundi wa malori walizijua pampu za dizeli za Bosch kabla seremala yeyote hajaijua drili yake. Hapa rangi ina maana kweli, na lazima niwaombe radhi mafundi wa Ngamiani: kampuni hiyo hutengeneza zana za buluu kwa mafundi wa kazi na za kijani kwa watu wa nyumbani. GHO 6500 ni ya buluu. Ina nguvu zaidi, inakwangua zaidi ya milimita 2 kwa mpigo mmoja, na kisu chake ni cha kabaidi, chenye makali pande mbili. Upande mmoja ukiisha unageuza, wa pili ukiisha unatupa.

Kunoa au kutupa: hapo ndipo penye mjadala, na majarida ya Ulaya hayatusaidii, kwa sababu wao hujaribu mashine zao kwenye msonobari. Msonobari tunao pia, unashuka kutoka Shume kule Lushoto, na randa yoyote huula kama muwa. Lakini ubao wa pwani ni kitu kingine. Msaji wa Longuza, pale Muheza, una chembechembe kama za mchanga laini ndani ya nyuzi zake. Unauona laini kwa mkono, kumbe unakula makali kimyakimya. Mvule ni mbaya zaidi. Mti huo hujitengenezea vijiwe vya chokaa ndani yake, na hujui viko wapi mpaka kisu kimekutana navyo. Kisu cha chuma cha kawaida huchoka mapema kwenye msaji, ila unakichomoa, unakipeleka kwenye jiwe la mafuta, na baada ya nusu saa kimerudi ujana. Kisu cha kabaidi huvumilia msaji mara nyingi zaidi, lakini kikigonga kijiwe cha mvule hupasuka ukingo, na jiwe la mafuta la nyumbani halikifai kitu. Lazima ununue kingine, na kama Tanga hakipo, Dar es Salaam iko umbali wa kilomita 350.

"Babu," kijana akasema, "mteja hanilipi kunoa. Ananilipa mlango."

Sikuwa na jibu la haraka. Mlango mmoja wa msaji ukirandwa kwa milimita moja moja ni kwenda na kurudi mara nyingi, na kwake kila kurudi ni dakika ya chakula cha watoto. Mhakiki anayesahau jambo hilo anahakiki kwa tumbo lililoshiba.

Ile ya tatu ilikuwa ya bei nafuu mno. Kwa fedha ya moja ya zile mbili ungenunua kama tatu hizi. Ilitengenezwa China, na kwangu hilo si kosa, kwani Makita na Bosch nao wana viwanda China. Wati ziliandikwa nyingi kupita wenzake. Niliomba rula ya chuma nikailaza chini ya tumbo lake, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Mwanga ukapita. Uso wa mbele na uso wa nyuma havikulala mstari mmoja hata baada ya kurudisha kina kwenye sifuri. Randa ya namna hiyo haiwezi kunyoosha ubao, itaupa ubao upogo wake yenyewe. Hata hivyo sitamcheka anayeinunua. Vipuri vyake vimejaa kila duka, na fundi anayeanza bila mtaji anaweza kurudisha fedha yake kwa oda mbili. Ila akague kwa rula kabla ya kulipa.

Kuhusu majina mengine sina mengi. Wanaogombana juu ya DeWalt na Black & Decker wanagombana juu ya ndugu wa nyumba moja, kwani Black & Decker iliinunua DeWalt mwaka 1960. Zana za Hitachi zimebadilishwa jina tangu mwaka 2018 na kuitwa HiKOKI, ingawa mafundi wetu hawajaambiwa, au wameambiwa na wakapuuza. Na zana za betri, ambazo Makita ilizivumisha kwa betri zake za lithiamu za volti 18 tangu mwaka 2005, ni rahisi kuzipenda, lakini betri ya chapa moja haivai chapa nyingine. Ukinunua drili ya betri umeoa ukoo mzima. Anayefunga milango kwenye nyumba mpya ambazo umeme haujafika, aoe. Mwenye soketi ukutani asifanye haraka, bali ajihadhari na waya mrefu mwembamba wa kuunganishia, maana volti zikipungua njiani mota huchemka. Mimi huranda asubuhi, kabla mtaa mzima haujawasha pasi.

Muuza duka aliuliza kwa nini nilikuwa nauliza habari za kaboni kabla ya kuuliza bei. Sikumweleza, kwa kuwa ni habari ndefu, na haina sifa kwangu.

Katika chuo kimoja cha ualimu nilichokuwa mkuu wake tuliletewa msaada kutoka ng'ambo: drili, misumeno, na randa mbili za umeme, zote mpya. Chapa yake ilikuwa nzuri. Ningeitaja ungeitikia kwa kichwa. Tulikuwa tukihubiri Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, na hapa palikuwa na nyenzo. Nilizifungia stoo. Niliogopa zisije zikaharibiwa na wanachuo kabla wafadhili hawajaja kuzikagua, kisha niliogopa wizi, kisha ikawa mazoea tu. Ufunguo ulikaa kwenye mtoto wa meza yangu. Wanachuo wa Kazi za Mikono walijifunza sehemu za randa ya umeme kwa picha niliyoagiza ichorwe ubaoni, wakafaulu mtihani, wakaenda kufundisha. Kila mwaka kwenye ripoti niliandika: vifaa vipo. Vilikuwepo. Siku tulipokuja kuvifungua, hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kula vyuma, panya wametafuna nyaya, na kaboni zimeganda kwenye matundu yake. Hakuna duka hata moja lililokuwa na kaboni za chapa ile, si Tanga wala Dar es Salaam. Mmoja wa wanachuo wangu, ambaye leo naye ni mzee wa mvi, aliniambia tulipokutana kwenye msiba kwamba alishika randa ya umeme kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini, dukani kwa mwanawe.

Basi nilimwambia muuza duka, "Kaboni za Makita hii unazo?" Akafungua droo, akanionyesha pakiti. Nikanunua mashine na pakiti mbili za kaboni. Sidai kwamba ni bora kuliko Bosch. Kwa mtu anayelipwa kwa mlango, Bosch ni bora, na kijana alikuwa na haki ya kununa njia nzima. Niliichagua kwa kuwa inaharibika kwa namna ninayoijua, na kisu chake naweza kumfundisha mtu kukinoa: jinsi ya kuvishika vyote viwili pamoja ili visipishane uzito, kwa kuwa kitu kinachozunguka mara 16,000 kwa dakika hakisamehe tofauti.

Banda halina kufuli mchana, na mashine iko juu ya benchi. Kijana amekwisha jifunza kunoa. Ananoa vizuri kuliko mimi, maana macho yake hayahitaji miwani, ila huku akinoa hulalamika. Anaweka akiba kidogo kidogo. Jumamosi ijayo anakwenda kununua ile ya buluu, na ameniomba nifuatane naye, nichukue rula ya chuma.