Oda Kwanza, Mbegu Baadaye

Mwaka 2007, kwenye vyanzo vya mto Xingu, jimbo la Mato Grosso nchini Brazil, ardhi ya kurudishiwa msitu ilikuwa tele, ila mbegu za miti ya asili hazikuwa na soko wala duka. Wakulima wa soya na wafugaji walibanwa na sheria kuotesha upya miti kandokando ya mito. Jamii za wenyeji wa asili na wakulima wadogo waliijua miti hiyo, misimu yake na mahali ilipo. Mtandao wa Mbegu wa Xingu uliwaunganisha, na umefikisha wakusanyaji zaidi ya 500 na aina zaidi ya 200 za mimea.

Wengi husifia kazi ya kuokota mbegu, hasa ya wanawake wa Ikpeng, mojawapo ya jamii hizo za asili. Wanastahili. Lakini ufundi hasa naona uko kwenye daftari la oda. Kila kikundi hutangulia kueleza kinachotarajia kupata mwaka huo, wanunuzi hutaja mahitaji yao, kisha oda hugawanywa kwa bei zilizokwisha kukubaliwa mkutanoni. Ndipo watu huingia msituni. Mbegu ndogo inayosumbua kuchambua hailipwi sawa na ile inayozolewa kwa kapu.

Utaratibu huo umelazimishwa na mbegu zenyewe. Ya mti wa inga ikikauka hufa, hivyo lazima ipandwe ndani ya siku chache. Ya jatobá, ndugu wa msandarusi wa pwani yetu, hukaa muda mrefu, ila ganda lake gumu lisipokwaruzwa haioti upesi. Anayejaza ghala kwanza na kutafuta mnunuzi baadaye atamwaga nusu ya mali yake.

Shambani hutumika muvuca: mbegu za aina nyingi huchanganywa, mara nyingi pamoja na mchanga, na kumwagwa kwa mashine zilezile za kupandia soya au kutawanyia mbolea. Humo mna mbaazi, ndiyo, mbaazi hii hii ya nazi. Huota upesi na kuinyima mwanga brakiaria, nyasi ya malisho iliyotoka Afrika ambayo huko ndiyo adui mkuu wa miche. Baada ya miaka miwili mitatu mbaazi hufa na kuiachia miti nafasi. Mbegu nyingi hupotea bila kuota, kwa hiyo kilo nyingi huhitajika, lakini mwenye shamba haingii gharama ya kitalu wala vibarua wa kuchimba mashimo. Zaidi ya hekta 6,000 zimerudishiwa uoto hivyo.

Udhaifu uko upande wa mnunuzi. Wengi hununua kwa kuwa sheria inawabana, na mwaka 2012 sheria ya misitu ilirekebishwa, ikasamehe sehemu ya ukataji uliofanyika kabla ya Julai 2008. Sheria ya mbegu ya 2003 nayo inadai usajili na vipimo vya maabara, matakwa yanayoendana na kampuni ya mahindi kuliko bibi mwenye kapu. Mtandao umeweza kupanga bei, misimu na uhifadhi. Idadi ya watakaoagiza mwakani bado huamuliwa mbali na Xingu, huko Brasília.