Chaki Mkononi mwa Mwalimu

Wengi hudhani kwamba ukosefu wa maabara ndio unaoua somo la sayansi vijijini. Sikatai umuhimu wa maabara. Lakini hapa Lalago, ambapo nimewasikiliza vijana wa vyuo vikuu wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha, naona kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kijana huja na andalio la somo lililopangwa vizuri, na kemia anaijua. Huandika ubaoni fomula ya salfeti ya kalsiamu, watoto wa kidato cha pili hunakili kimya, kengele hulia. Kumbe anachokieleza amekishika mkononi! Chaki nyingi za ubaoni ni jasi, yaani salfeti hiyo hiyo iliyofungamana na maji. Jasi ikichomwa hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo ikawa unga. Unga ukirudishiwa maji huganda, na anayeugusa husikia joto. Tena wilaya yetu ya Maswa ilipata jina katika miaka ya 2010 kwa kutengeneza chaki. Penye miti hapana wajenzi.

Simlaumu kijana. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata vyuo vishiriki viwili vya elimu, Chang'ombe na Mkwawa, ili walimu waongezeke. Ilikuwa hatua njema. Shaka yangu ni jinsi tunavyowapima walimu hao. Mkaguzi hutazama malengo, zana na mwandiko wa ubaoni. Sijamwona bado anayehesabu maswali ya watoto.

Liko pia suala la lugha. Mtoto wa hapa huzungumza Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na sayansi kwa Kiingereza. Mwalimu wake amesomea shahada kwa Kiingereza kitupu. Ni nani aliyemwandaa kumvusha mtoto huyo mto huo?

Ningependa kila mwanafunzi wa ualimu, kabla ya kupewa shahada, afundishe walau somo moja kwa kitu cha kijijini: kipande cha chaki, magadi, au utambi wa pamba unaopandisha mafuta ya kibatari. Alama zitokane na maswali ya watoto. Maana mtoto asiyeuliza huiacha sayansi mapema, na siku kijiji kitakapohitaji tabibu wake mwenyewe, kitamngoja kutoka mbali.