Kibao Kinasema na Nani?

Hapa kwenye jarida letu tumezoea kuhakiki mashairi, maigizo, na mara mojamoja kitabu ambacho mtu amekileta kutoka Mbarara. Leo nataka kuhakiki maandishi ambayo watoto wetu wanapita mbele yake siku tano kwa wiki: vile vibao vya bati vilivyosimikwa kwenye uwanja wa shule. Nani asiyevijua? Kimoja kando ya choo, kingine chini ya mti, kingine mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Maandishi meupe juu ya bati la bluu, yote kwa Kiingereza. Si mambo ya kambini tu. Uganda nzima shule ziko hivyo, na desturi hii ilienea sana miaka ya 2000, serikali ilipoanza mpango wa kuwaelimisha wanafunzi juu ya UKIMWI; ndiyo maana mpaka leo vibao vingi vinamwonya mtoto wa miaka saba habari za mapenzi. Baadaye yakaja mashirika, vibao vikazaana: usafi, amani, ndoa za utotoni, ulemavu, ukabila.

Sasa shule moja huku Misiera inataka kuvipaka rangi upya, na wazazi tumeombwa mawazo. Jina la shule naliacha, maana ninayoyasema yanazihusu karibu zote. Nilienda nikavisoma kimoja kimoja, daftari mkononi, kama ninavyosoma shairi. Watoto walinicheka. Walidhani ni mtu wa shirika, amekuja kuhesabu kitu.

Swali la kwanza la msomaji yeyote: nani anasema hapa? Kibao hakina sahihi. Kinaamuru tu, fanya hivi, usifanye hivi. Kifananishe na kanga. Kwa watu wa pwani kanga nayo ni maandishi ya hadharani, mstari mmoja tu, lakini ukiona mwanamke ameivaa unajua nani anasema, na mara nyingi jirani anajua kabisa anasemwa nani. Tena jirani anaweza kwenda dukani, akanunua ya kwake, akajibu. Hata kijana wa bodaboda hapa Misiera aliyeandika neno nyuma ya pikipiki yake, neno lile amelichagua mwenyewe na rangi kailipia mwenyewe. Kibao cha shule hakijibiki. Kinachorwa mjini na fundi ambaye hamjui mtoto atakayekisoma, kinaletwa kwa gari, kinachimbiwa shimo, basi. Na Kiswahili chetu kina utani wake hapa: kibao ni ubao mdogo, na kibao ni kofi.

Viwili vilinishika muda mrefu. Kimoja kinasema "Respect all cultures", heshimu tamaduni zote. Hatua kama ishirini kutoka pale, kwenye kona ya darasa, kuna kingine: "Speak English", zungumza Kiingereza. Kila kimoja peke yake ni neno jema. Visome pamoja, kama beti mbili za shairi moja, utaona cha pili kinakimeza cha kwanza. Utamaduni wa mtoto wa Kibembe utauheshimu wapi, kama mdomo wake umeufunga? Mgeni anaambiwa karibu ndani, ila lugha yako iache hapo nje pamoja na viatu.

Jambo hili lina ukoo mrefu. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, jinsi katika shule za Kenya ya kikoloni mtoto aliyenaswa akisema Kigikuyu alivyoadhibiwa na kuaibishwa, na jinsi kifungo kimoja kilivyopitishwa kutoka mkono wa aliyekosa kwenda kwa mwingine aliyekosa. Hapa Uganda pia wapo watu wazima wanaokumbuka kuvalishwa gunia au kuning'inizwa mfupa shingoni kwa kosa hilohilo. Katika shule niliyoitembelea sikuona gunia wala mfupa, namshukuru Mungu. Kibao tu, kimesimama pale kwa upole.

Kilichoniuma zaidi ni cha ukabila. "Say no to tribalism." Tunaoishi hapa tunajua darasa la Nakivale linavyokuwa. Kambi ilianza 1958 kwa Wanyarwanda waliokimbia, na tangu hapo imepokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, watu wa Sudani Kusini. Leo tuko zaidi ya laki moja. Kwenye benchi moja anakaa mtoto aliyekimbia Minembwe na mtoto aliyekimbia Fizi, na nyumbani kila mmoja amesikia habari za nani alichoma kijiji cha nani. Pembeni yao yuko Mnyankore wa kijiji cha jirani, ambaye shule ile ni yake pia. Jua likiwaka, kwenye foleni ya maji, neno baya linatoka. Siyaandiki maneno yenyewe, tunayajua. Yanatoka kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, kwa Kibembe. Kwa Kiingereza hayatoki hata siku moja. Matusi yana lugha yake, makatazo yana lugha yake, na lugha hizo hazikutani. Mwalimu wa zamu aliyetoka upande mwingine wa Uganda anaweza kuwa amesimama mita tatu tu na asielewe kilichosemwa, na kibao kiko nyuma yake kinang'aa.

Nikamwuliza mtoto mmoja wa P.3: "Kile kinasema nini?" Akakikazia macho. "Kinasema No." Alikuwa amesoma neno aliloliweza. "No ya nini?" "Sijue. No tu."

Ndugu zetu wa mashirika najua watasema: mzee, hivi ni vibao tu, sisi tuna mipango mikubwa. Kweli ipo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawasawa na raia. Mwaka 2018 Uganda ikatoa mpango wa elimu wa kuwahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Siidharau hata kidogo, nimetoka mahali ambapo watoto walisoma chini ya risasi. Lakini kibao kinaonyesha tabia ya nyumba nzima. Angalia lugha ya kufundishia. Tangu 2007 mtaala unataka P.1 mpaka P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, isipokuwa pale lugha zilipo nyingi mno. Hapo Kiingereza kinashika tangu siku ya kwanza. Kwetu lugha ni nyingi mno. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza mwaka wa tano Uvira kwa Kifaransa, anayejua hesabu za sehemu, anayeweza kukutajia mito ya Kongo bila kuangalia ramani, anafika hapa na miaka kumi na tatu, anapimwa kwa Kiingereza, na anarudishwa P.2. Magoti yanagonga dawati. Mbele yake amekaa mtoto wa umri wa mdogo wake wa mwisho. Mimi nilifundisha Uvira, watoto wa namna hii nawajua hata kwa mwandiko wao. Hakuna mtu wa kumfukuza. Anajifukuza mwenyewe, muhula wa pili, anaenda kulimia watu mashamba. Kwa msichana njia inakuwa fupi zaidi, na kile kibao cha ndoa za utotoni hakikumfaa kitu.

Iko ile programu ya elimu ya kasi, miaka saba ya shule ya msingi inabanwa kuwa mitatu, na imewaokoa vijana wengi ambao wangeona aibu kukaa na watoto wadogo. Ila nayo lugha yake ni ileile, na mwisho wake ni PLE, mtihani ambao hausubiri mtu apate maneno.

Ndiyo maana mama mmoja atasimama mkutanoni aseme: mimi nimeleta mtoto ajifunze Kiingereza, Kiswahili anacho nyumbani. Ana haki kabisa. Bila PLE hakuna sekondari, bila Kiingereza hakuna PLE. Sitaki Kiingereza kitolewe. Nasema tu kwamba kibao kinachoamuru "Speak English" kwa Kiingereza hakimfundishi mtu Kiingereza: anayekielewa hakihitaji, na anayekihitaji hakielewi. Kiandikwe mara mbili, Kiingereza juu, chini lugha anayoijua mtoto, na yule wangu wa P.3 angeondoka pale na maneno manne badala ya "No" peke yake. Hata yule mama angefurahi.

Lugha gani basi? Hapa sisi Wakongo tunaharakisha kujibu: Kiswahili! Na karatasi tunazo. Katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari wa 2020 umekifanya lazima S.1 na S.2, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakikubali kama lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima kuanzia msingi. Polepole kwanza. Keti na mzee wa hapa Isingiro umwulize Kiswahili alikisikia wapi mara ya kwanza. Wengi watakuambia: kwa askari. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri, kama alivyofanya mambo yake mengine. Mwaka 1979, vita vya kumwondoa vilipofika Mbarara, sehemu kubwa ya mji ilibomolewa, na wanajeshi waliobomoa walikuwa wanazungumza Kiswahili. Lugha ambayo sisi tunabembelezea watoto, kwa mzee huyo ni lugha ya kizuizi barabarani. Na Wasomali? Aliyepitia Nairobi anakijua vizuri kutushinda, aliyekuja moja kwa moja hajui hata neno. Kiswahili kikikaa peke yake pale Kiingereza kilipokaa, tumebadilisha mwenye nyumba, mpangaji ni yuleyule. Wakongo wenzangu hawataipenda sentensi hiyo.

Kabla sijafika kwenye maoni yangu, kuna kibao kimoja ambacho kama mwandishi nakionea wivu: "Disability is not inability". Kinaimba. Sauti inajirudia, ulimi unapenda. Sasa kitafsiri: ulemavu si kutoweza. Wimbo umekwisha, na hapo ndipo unaanza kuona maana yenyewe. Kutoweza nini? Mbele ya darasa lile kuna ngazi tatu za simenti na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Mtoto mwenye mguu mbovu anabebwa na wenzake asubuhi, anabebwa kutoka mchana, na akitaka kwenda haja lazima aombe. Kwa Kiingereza maneno yalipendeza mpaka hakuna aliyeangalia chini. Nawashauri walimu: kila kibao kitafsiriwe kwanza kwa lugha tatu za hapa kabla fundi hajashika brashi. Kitakachobaki bila maana, bati lake liezekee jiko.

Na nani atafsiri? Watu wapo. Kila shule ina walimu wasaidizi kutoka kwetu, wale wanaosimama kando ya mwalimu wakigeuza maneno yake kwa Kiswahili au Kinyarwanda. Wengine ni walimu kamili, diploma zao ni za Kifaransa na hapa hazijatambuliwa, kwa hiyo wanaitwa wasaidizi na kulipwa kama wasaidizi. Wao ndio wanasikia lile neno la kwenye foleni ya maji na kulielewa. Shule ikitaka kujua iandike nini karibu na bomba, iwaulize hao.

Mimi cha ukabila ningekifuta chote. Mahali pake, palepale bombani, kwa lugha za wanaogombania maji, ningeandika jambo ambalo mtoto anaweza kulifanya: ukiitwa jina baya, nenda kwa mwalimu huyu, na jina la mwalimu liwekwe hapo. Yule mwalimu akihama, lifutwe liandikwe lingine. Kibao kiwe na mtu wa kuulizwa. Chini wasaini wanafunzi wa P.7 wa mwaka huo, wa kila upande, Mnyankore naye, kwa mwandiko wao wenyewe hata ukipinda.

Pendekezo hilo nimelipeleka mkutanoni. Limekubaliwa nusu. Mwenyekiti anaogopa walimu watakataa majina yao kuandikwa, na huenda yuko sahihi. Tulichogombania jioni nzima ni kibao cha getini, ambacho wote wanataka kiseme kwamba watoto wote ni sawa. Mwalimu mmoja aliyesoma Kiswahili sanifu anataka "Sote tu sawa". Akina mama wakacheka: hivyo nani anasema? Andika "Sisi wote tuko sawa". Baba mmoja Mrundi akauliza kwa nini Kirundi kiwe cha tatu kutoka juu. Wanyankore wawili waliokuja walikuwa kimya mpaka mmoja akauliza kama Runyankore iko kwenye orodha. Haikuwepo. Ikaongezwa, ikabidi bati liongezwe, na hela ya bati haipo. Tunarudi Jumamosi. Kuhusu sentensi ya Kiswahili, mimi niko upande wa akina mama.