Ganda Lisemalo Kweli: Mwongozo wa Kuijua Risasi Njema

Ukiletewa risasi mpya uipime, usianze na maandishi ya kwenye boksi. Boksi litakusifia mbio zake, na mbio ndizo zinazouza. Anza na ganda lililokwisha kupigwa. Lipeleke kwenye mwanga utazame fataki iliyo katikati ya kitako. Kingo zake zikiwa bado zimeviringana, baruti ilifanya kazi ndani ya kipimo chake. Ikiwa imebapa mpaka imekijaza kishimo chote, na kitako nacho kina alama inayong'aa pale kilipobanwa na komeo, presha imepanda kuliko ipasavyo. Kisha muulize aliyepiga: komeo lilifunguka kwa vidole viwili, au ilibidi ulipige kwa kiganja? Mimi jibu la swali hilo naliamini kuliko jedwali la kiwanda.

Mombasa si mji wa wasasi tena. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwezi Mei 1977, na mwaka uliofuata maduka ya pembe na ngozi nayo yakafungwa. Wanaoniuliza habari za risasi siku hizi ni watu wanaovuka Lunga Lunga na Horohoro kwenda kufanya kazi katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania, pamoja na wachache wenye leseni wanaolenga shabaha. Swali lao ni moja: hizi risasi mpya za presha kubwa, tunazihitaji?

Tuzitazame kwa haki. Aprili 2022 jeshi la Marekani lilichagua bunduki ya SIG Sauer inayokula risasi ya 6.8 × 51, ambayo presha yake inaruhusiwa kufika pauni 80,000 kwa kila inchi ya mraba. Mapema 2025 kampuni ya Federal ikawatolea wasasi risasi ya 7mm Backcountry, yenye kikomo hicho hicho. Ili uone ukubwa wa hatua hiyo, .30-06 ya mwaka 1906 imewekewa kikomo cha 60,000, na 7 × 57 ya Mauser, iliyo kongwe zaidi, 51,000 kwa kipimo cha Marekani. Shaba ya manjano haiwezi kustahimili 80,000; hutanuka ikaing'ang'ania chemba. Kwa hiyo ile ya jeshi imepewa kitako cha chuma kilichoungwa na mwili wa shaba, na ya Federal ganda lake lote ni aloi ya chuma. Faida yake ni kwamba mtutu mfupi wa inchi 20, wenye nafasi ya kufungwa kizuia sauti mbele, unarusha kichwa cha gramu 11 kwa mita zaidi ya 900 kwa sekunde, mbio ambazo zamani zilidai mtutu mrefu zaidi.

Ni ufundi mzuri, sibishi. Lakini ufundi huo unajibu tatizo la askari anayepanda na kushuka garini, na la msasi wa milima ya Marekani anayepiga ng'ambo ya bonde. Huku kwetu tatizo kubwa la risasi ni joto, nalo halikuanza leo.

Meli zilizoleta wasasi wa Ulaya na Marekani zilitia nanga Kilindini, na masanduku yao ya risasi yakapakiwa kwenye reli ya Uganda. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit, na kati yao waliua wanyama 512 kabla ya kurudi. Alikuwa na Springfield ya kijeshi, Winchester ya .405 na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Mafundi wa London waliotengeneza silaha za aina hiyo ya mwisho walikuwa wamejifunza jambo ambalo hata leo wengi hawalizingatii. Baruti ya Kiingereza ya wakati ule, kordaiti, ilikuwa na tabia ya kuwaka kwa ghadhabu zaidi kadiri inavyopata joto. Risasi iliyopimwa Uingereza kwenye baridi ikaonekana salama, ikifika huku ikashinda juani ndani ya sanduku la bati, inakuwa risasi nyingine. Ganda linatanuka, linakwama, na msasi anabaki anavuta komeo huku nyati anamjia.

Dawa yao ilikuwa kulifanya ganda kuwa kubwa kuliko haja, kisha kulijaza kwa upole. Ndivyo ilivyozaliwa .450 ya Rigby mwaka 1898, na ndivyo ilivyokuja .416 yake mwaka 1911, inayosukuma kichwa cha gramu 26 kwa mita zaidi ya 700 kwa sekunde na presha isiyozidi sana 47,000 kwa kipimo cha Ulaya. Anayeliona ganda la .416 Rigby kwa mara ya kwanza hudhani lile pande la shaba ni majivuno ya Waingereza. La hasha. Nafasi ile tupu iliachiwa joto. Mwaka 1988 Remington walitoa .416 yao: kichwa kile kile, mbio karibu zile zile, ganda jembamba zaidi, presha juu ya 60,000. Baruti za kisasa haziyumbishwi na jua kama kordaiti, kwa hiyo inafanya kazi. Hata hivyo, nyati hakupata sababu ya kuanguka upesi zaidi.

Aliyelipia zaidi kwa ganda fupi ni mnunuzi wa .458 ya Winchester ya mwaka 1956. Winchester walitaka nguvu za bunduki ya tembo ndani ya bunduki ya komeo ya bei nafuu, wakashindilia baruti mpaka ikakosa pa kupumua. Baadhi ya risasi zile zilipokaa, baruti iliganda, zikatoka kivivu, na kichwa hakikufika ndani ya mnyama kilikotumwa. Jack Lott, Mmarekani aliyeumizwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alirefusha ganda lake na kuiacha baruti ikae kwa raha, na hiyo ndiyo .458 Lott. Basi ukipewa risasi ya aina hizi, itikise karibu na sikio. Mchakacho mdogo wa baruti si kasoro.

Kipimo cha pili, baada ya presha, ni kuwaka. Kinaonekana cha kitoto mpaka siku fataki inapogoma. Mwaka 1898 huko Tsavo, John Henry Patterson aliazima bunduki yenye nguvu kuliko yake ili amwinde mmoja wa wale simba waliokuwa wakila wafanyakazi wa reli. Simba akatokea karibu naye, Patterson akafyatua, akasikia mlio mkavu tu. Nguvu zote zile zilikuwa ndani ya ganda, na ganda halikuwaka.

Kwa hewa ya chumvi ya kisiwa hiki, fataki na shaba vinataka macho. Kutu ya kijani kwenye shingo ya ganda mara nyingi imeletwa na mkanda wa ngozi: dawa za kulainishia ngozi huila shaba. Beba risasi kwenye mkanda ukipenda, ila usizihifadhi humo. Na usiziweke jirani na zizi. Jeshi la Uingereza huko India liligundua kwamba maganda yaliyohifadhiwa karibu na mabanda ya farasi wakati wa masika yalipasuka yenyewe, kwa sababu ya hewa kali ya mkojo iliyoingia kwenye shaba iliyokuwa imekazwa kiwandani. Mwenye mbuzi uani ajihadhari. Hapa, kusema kweli, ganda la chuma lina la kujitetea, kwani maradhi hayo ni ya shaba. Lakini chuma nacho kina kutu yake, na Kilindini hakuna chuma kinachosamehewa.

Kipimo cha tatu, ambacho kwangu ndicho kikubwa, ni kichwa cha risasi na njia yake ndani ya mnyama. W. D. M. Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa 7 × 57, risasi ambayo wenzake waliiona ya kupigia swala. Kichwa chake kilikuwa kirefu, kigumu, cha gramu 11 hivi, chenye mwendo wa takriban mita 700 kwa sekunde. Kilikwenda moja kwa moja bila kupinda wala kufumuka, na Bell alijua pa kukipeleka, kwa kuwa alipasua fuvu la tembo kwa msumeno aone ubongo umekaa wapi. Hiyo si ruhusa ya kumwiga. Tanzania inadai bunduki isiyopungua .375 kwa tembo, nyati na simba, na sheria hiyo imetungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye mikono inayotetemeka. Lakini tembo wa Bell walianguka kwa presha ya chini sana kuliko ya hizi risasi mpya zinazotangazwa leo. Ukikiona kichwa kilichotolewa mwilini mwa mnyama, kipime kwenye mizani. Kikiwa kimebakiza sehemu kubwa ya uzito wake na hakikupinda, kinunue tena. Kikiwa vipande, mbio zake zilikuwa hasara.

Wenyewe wa nyika ya nyuma ya Mombasa walilijua hili bila mizani. Wawata, wasasi wa tembo wa Tsavo na Galana, walikuwa na pinde zilizotaka nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuzivuta. Mzungu mwenye misuli alishindwa kuzifikisha mwisho. Pamoja na nguvu zote hizo, hawakupiga kwa mbali. Walinyata mpaka karibu kabisa, wakapenyeza mshale laini kwenye tumbo, na kazi ikamalizwa na sumu ya mti iliyochemshwa ikaiva. Sumu ile waliizungushia ngozi nyembamba ili jua lisiikaushe, wakaivua karibu na kupiga. Nguvu ya upinde ilikuwa ya kuifikisha sumu mahali pake, basi.

Bega lako nalo lina sauti. Risasi inayorusha kichwa kwa mbio kubwa zaidi kutoka bunduki nyepesi inalipiga bega zaidi. Kizuia sauti kitapunguza, hakitafuta. Ukiona mpigaji anafumba jicho kabla ya kufyatua, mpe risasi pole zaidi, usimpe mafunzo ya ujasiri.

Nani basi namwambia anunue ya 80,000? Mtu anayewinda uwanda mpana, choroa au swala granti, kwa mtutu mfupi wenye kizuia sauti, na anayejua kupiga mita 300 bila kubahatisha. Wengi husema wanajua. Wa vichakani Rungwa, huko huko Tanzania, anayemfuata nyati mpaka amsikie akipumua, hana la kufanya nayo, na sheria haimruhusu kumpigia nyati hata akitaka.

Kabla hujalipa, fikiria pia safari. Mashirika ya ndege kwa kawaida humruhusu abiria risasi zisizozidi kilo 5, tena kwenye sanduku lake, na masanduku hupotea. Lako likipotea ukiwa na .375 H&H, risasi iliyoanza 1912, mwenye kambi anaweza kukuazima boksi au kukuagizia Arusha. Ukiwa na ganda la chuma lililotoka kiwandani juzi, utakaa kambini unywe chai ukisubiri ndege inayofuata.